Mabati ya Ukumbi wa Welfea

Jumatatu, 2 Septemba 2024. Korogwe.

Leo siku ya mia na kumi na mbili tangu nitoke Kondoa. Nilipomuaga mke wangu Amne nilimwambia siku arobaini. Sijui namba hiyo niliitoa wapi. Ilisikika vizuri tu pale mlangoni.

Kazi ni saidia fundi. Nabeba karai, nachanganya zege, nakwangua chokaa ya zamani mpaka kope zinakuwa nyeupe. Tunakarabati Ukumbi wa Welfea, ambamo wakata mkonge walikuwa wakicheza dansi, ngoma na maigizo enzi za mkoloni. Siku hizi unaitwa Kituo cha Sanaa, ingawa wasanii niliowakuta ndani walikuwa popo. Kamati ina fedha za kuta. Za paa haina. Harambee itafanyika tarehe 21.

Paa! Hilo ndilo linaloninyima utulivu. Mabati arobaini ya zamani, manene, ukiyagonga yanalia kama kengele. Kutu ni ya juu juu tu. Na Amne analala kwenye tembe la udongo ambalo mvua zilizopita kona yake moja iliangukia debe la unga. Ameshasema: mvua zikianza na juu yake hakuna bati, anachukua watoto anahamia kwa kaka yake, Zaidi. Zaidi ana nyumba ya bati. Zaidi hunisalimia kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

Nilimuuliza Fundi Mdoe, mkuu wetu, mabati ya zamani yatakwenda wapi. Akasema, huku anakula, kwamba huwa yanachukuliwa na anayeyashusha. Basi nitayashusha mimi. Ila hayashuki mpaka yanunuliwe mapya, na mapya hayanunuliwi mpaka harambee ifanikiwe. Kwa hiyo harambee hii ni yangu. Kamati haijui tu.

Meshaki alikuwa anasikiliza. Ni saidia fundi mwenzangu, mtu wa Handeni, mrefu, hana haraka na jambo lolote. Akasema naye anayataka, kwa banda la kuku.

Kuku!

Jumatano, 4 Septemba

Asubuhi nimekuta mabati matano ya ukingoni yameandikwa M kwa mkaa. Nikayafuta kwa tambara. Meshaki akauliza nani kafuta. Nikasema umande.

Mchana kamati ilikaa ukumbini. Mwenyekiti ni Mwalimu Chausiku, mwalimu mstaafu, mama ambaye akikohoa hata mafundi wanakaa wima. Alilalamika kuwa watu hawachangi kwa sababu hawajui ukumbi huu umepitia mambo gani. Mimi nilikuwa nyuma nachota maji. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema babu yangu alikata mkonge hapa Korogwe, na alinisimulia kwamba siku moja ya dansi mpiga tarumbeta alipuliza kwa nguvu mpaka msumari wa bati la tatu kutoka mlangoni ukaruka.

Babu yangu hakuwahi kuvuka Babati. Aliogopa mabasi.

Mwalimu akatoa kalamu. Akauliza mpiga tarumbeta aliitwa nani. Nikasema babu alimwita "yule bwana". Akaandika: yule bwana.

Nimeteuliwa Msimulizi wa Historia! Nina utepe wa bluu kifuani. Nina miaka arobaini na tatu na Mwalimu ananiita kijana wangu. Meshaki ameuliza kama utepe unaezekea nyumba.

Jumamosi, 7 Septemba

Mombo. Wazo langu mwenyewe. Pale mabasi yanasimama, abiria wananunua chakula, pochi ziko wazi. Kwa nini na ukumbi usipate? Mwalimu alinipa ndoo ya plastiki yenye mfuniko uliotobolewa. Nauli nikajilipia.

Basi la kwanza. Nikanyanyua ndoo dirishani, nikaanza habari za msumari. Mama mmoja akauliza mayai bei gani. Nikasema si mayai mama, ni historia. Akauliza imechemshwa? Basi zima likacheka. Muuza mahindi akaniambia nimesimama kwenye dirisha lake, alilolifanyia kazi miaka sita.

Basi la pili hawakufungua vioo.

Basi la tatu, kijana mmoja aliishika ndoo asome maandishi, na dereva akaondoa gari. Ndoo ikaenda. Nilikimbia na utepe wangu nikipiga kelele kwamba hiyo ni mali ya umma. Wakaidondosha mbele ya kibao cha barabara ya Lushoto. Ndani: maganda ya mayai, gunzi la hindi na noti moja ya elfu tano. Sijui nani aliitia. Mungu amzidishie.

Nilimkabidhi Mwalimu noti. Akanisifu mbele ya watu. Nauli yangu ya kwenda na kurudi ilikuwa zaidi ya hapo, lakini sikutaka kuharibu shughuli.

Jumanne, 10 Septemba

Sasa wageni wanakuja. Walimu, wafanyabiashara wa sokoni, hata wanawake wa kikundi cha taarabu. Bati moja lenye hadithi halitoshi. Nimeyapa majina kwa chaki: Bati la Tarumbeta, Bati la Bibi Harusi, Bati la Mvua ya Mawe, Bati la Shemeji. Hili la mwisho sina hadithi yake bado. Lina tundu tu, nikamkumbuka Zaidi.

Leo hatari! Akaja Mzee Mbwana, ana miaka themanini na kitu, alicheza dansi humu kwelikweli. Mwalimu akamwita asikilize. Nikasimulia msumari kwa sauti ndogo, nikatazama chini, nikasubiri aibu yangu.

Mzee akatikisa kichwa. Akasema nimekosea. Msumari haukuruka tu, ulidumbukia kwenye chai ya meneja wa shamba. Yeye alikuwepo. Alimuona meneja akiutoa kwa kijiko.

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikasirika. Mtu mzima anasema uongo hivi mchana kweupe!

Maryamu, anayetupikia, alinipa bada, ugali wa muhogo, na samaki bila kulipa, akataka nimwonyeshe Bati la Bibi Harusi. Nikamwonyesha. Akafuta machozi kwa khanga. Nikajisikia vibaya kwa muda wa kama nusu ya samaki.

Jumamosi, 14 Septemba. Handeni.

Tumekuja kumwalika Mzee Nkoitiko, mfugaji mkubwa wa huku nyikani. Mimi, Fundi Mdoe na Meshaki. Meshaki kaja kwa sababu mzee ni mjomba wake. Muda wote huu hakusema! Tunakula makande sufuria moja miezi mitatu, na mtu ana mjomba wa ng'ombe mia nne.

Kutoka mjini tulipanda pikipiki mpaka mavumbi yakaingia kwenye masikio. Nchi kavu kama kwetu. Nilitaka kulia kidogo, nikasingizia vumbi.

Mzee alipokea shikamoo zetu akiwa amekaa kwenye kigoda. Mkaza mwanawe, Naisula, akatuletea chai ya maziwa, maziwa hasa, majani ya chai yalipita kusalimia tu. Nikasimulia yote: msumari, chai ya meneja, bibi harusi. Kijiko cha meneja nikakifanya cha fedha. Mzee hakucheka wala hakulia. Akauliza swali moja. Bati hilo linavuja?

Nikasema halivuji, mzee. Mvua za miaka sabini, halijavuja tone.

Akauliza kwa nini basi mnaling'oa.

Hapo nilikunywa chai. Nikanywa tena. Fundi Mdoe akaokoa kwa kusema mbao za chini zimeliwa na mchwa, na ukiezua hurudishi bati lenye matundu ya misumari. Mzee akamwambia Meshaki kitu kwa Kimaasai. Meshaki akacheka, na Meshaki hacheki ovyo. Nikataka anitafsirie. Akasema mzee ameniombea dua.

Atakuja. Harambee imefanikiwa!

Alhamisi, 19 Septemba

Amne alipiga simu. Mawingu yameanza kupita, hayajashuka. Zaidi amempelekea habari kwamba chumba kimeshafagiliwa. Nikamwambia Amne asifunge hata fundo moja. Nikamwambia mabati yapo arobaini, thelathini ya kwetu, kumi nitauza njiani yawe nauli ya mzigo. Akauliza kwa sauti ya zamani, ile ya kabla hatujaoana, kama kweli. Nikasema kweli. Nikapima tembe letu kichwani mara tatu.

Jioni Meshaki akanijia kwa upole. Akasema tugawane, ishirini kwa ishirini, tushushe pamoja. Nikakataa. Nikamwambia mtu mwenye mjomba wa ng'ombe mia nne asishindane na maskini kwa ajili ya kuku. Akasema sawa kaka. Akaenda kuosha miguu.

Sikupenda alivyosema sawa.

Jumapili, 22 Septemba

Naandika mkono ukiwa mzito. Harambee ilikuwa jana.

Ilianza vizuri. Viti vimejaa, maturubai, ngoma ya Wazigua, kikundi cha taarabu. Mshereheshaji alikuwa Sharifu, kijana wa mjini mwenye koti la kung'aa na kinywa kisichochoka. Ukaanza mnada. Keki. Jogoo. Jogoo alinunuliwa na mfanyabiashara wa nafaka, Sharifu akamuuliza unachukua au unarudisha, akarudisha kwa ajili ya ukumbi, akauzwa tena. Akauzwa mara tano! Fedha za wote watano zikabaki mezani na jogoo akabaki pale pale, amechoka kuliko mimi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Halafu Mwalimu Chausiku akakohoa. Akasema kuna kijana wao mmoja aliyewafumbua macho. Kumbe muda wote huu walikuwa wamekalia hazina wakidhani ni kutu. Kwa hiyo kamati imeamua kwamba mabati yote arobaini, kwa heshima ya historia yake, yatapigwa mnada leo kwa pamoja.

Nikashika nguzo.

Nikamtafuta Fundi Mdoe kwa macho. Anayeyashusha je? Fundi alikuwa anapiga makofi.

Basi nikafanya nililofanya. Nikainama, nikavua kiatu cha kushoto, nikatoa kwenye soksi akiba yangu yote pamoja na nauli, nikanyoosha mkono. Sharifu akaniona. Akapiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba msimulizi mwenyewe, saidia fundi, mtu wa Kondoa asiye na kwao hapa, anatoa jasho lake! Hakuna aliyethubutu kunipita. Mfanyabiashara wa nafaka akakunja mkono wake kwa heshima. Moja. Mbili. Tatu!

Yangu! Kwa dakika nzima, labda na nusu, mabati yalikuwa yangu. Nilimwona Amne chini yake akichambua mchele. Nilisikia mvua ikipiga juu na sisi tukizungumza kwa kupaza sauti, kama watu wenye bati.

Sharifu akauliza: mfadhili wetu, unachukua au unarudisha?

Desturi hii naijua, hata Kondoa ipo. Lakini nilidhani ni ya jogoo na keki. Nikafungua mdomo. Mdomo huu, ambao kwa wiki tatu haukukosa neno hata mara moja, ukatoa hewa. Maryamu akapiga kigelegele. Mzee Mbwana, mwongo yule, akainua mkono wangu juu, akasema babu yangu angefurahi leo. Amerudisha! akapaza Sharifu. Amerudisha! Watu wakasimama. Wengine walilia. Mimi pia nililia, wakazidi kushangilia.

Mnada ukaanza upya. Mzee Nkoitiko, aliyekuwa amekaa mbele na fimbo yake bila kusema tangu asubuhi, akanyoosha vidole viwili. Mafahali wawili. Nani atampita? Sharifu akamwinamia kwa adabu, akauliza, shikamoo mzee, unachukua au unarudisha?

Mzee akasema yeye akinunua ng'ombe mnadani hamrudishi mnadani. Akasema: "Mimi nachukua. Leteni gari."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakaendelea na pilau. Hakuna aliyekasirika. Hakuna!

Kumbe ilikuwa inawezekana kusema tu.

Jumatatu, 23 Septemba

Mabati mapya yamefika. Tumeezua ya zamani tangu alfajiri. Niliyashusha mimi, kama nilivyosema siku ya kwanza. Nikayapakia mimi pia kwenye lori la mzee, thelathini na tisa, kila moja nikilijua kwa jina. Nimelipwa kibarua cha kutwa.

Yanakwenda kuezeka banda la ndama. Mzee alitaka nimwonyeshe lipi ni la tarumbeta, ili ndama wake mzuri zaidi alale chini yake. Nikamwonyesha. Ningefanyaje? Nikamuuliza Meshaki siku ile mjomba wake alisema nini kuhusu mimi. Safari hii akanitafsiria. Mzee alisema: huyu anauza ng'ombe wake kwa kuniambia haumwi, halafu atashangaa nikimtaka.

Bati la Shemeji lilibaki, kwa sababu ya lile tundu. Meshaki amelichukua kwa kuku wake. Anaacha kazi, anakwenda kusimamia banda la mjomba. Alinipa mkono. Akasema ishirini zingetosha kaka, tungeshusha kabla ya harambee, nani angeuliza.

Kamati imenipa cheti. Nimeandikwa Mfadhili. Jina langu litachorwa ukutani, Athuman wa Kondoa, juu kabisa, nami ndiye nitakayepiga rangi ya chini yake.

Jumanne, 24 Septemba

Nimempigia Amne. Nikamwambia yote, hata ya soksi. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Akauliza kama paa la wale watu wa dansi limekamilika. Nikasema limekamilika, linang'aa. Akasema basi si haba.

Kisha akasema mambo ambayo nayaandika yalivyo. Udongo upo. Nyasi zipo. Magogo mawili ya kona yameshakatwa, alikata yeye na jirani. Anayekosekana ni mtu wa kupanda juu, kwa sababu yeye ana kizunguzungu na mimi najua. Tembe likirudiwa vizuri linakaa miaka. Watu wazima wote tuliowazika walizaliwa chini ya udongo. Akasema hataki bati, anataka nirudi kabla ya mvua. Ameuza mbaazi, atanitumia nauli leo hii kwa simu.

Niliposhusha simu nilikaa juu ya mfuko wa saruji muda mrefu. Maryamu akaniletea chai bila kuniuliza kitu.

Nauli imeingia. Amenizidishia ya kula njiani.

Narudi nyumbani. Imekwisha. Nimefunga mfuko.

Alhamisi, 26 Septemba. Mnyuzi.

Mambo yalikwenda hivi. Jana asubuhi nipo kituoni Korogwe, mfuko begani, nasubiri basi. Mtu mmoja kando yangu anasema huko Mnyuzi kuna ghala la zamani la mkonge, karibu na reli, wanakijiji wanataka kuligeuza maktaba. Wanaunda kamati. Paa lao wanabadilisha. Nikauliza, kwa kupitisha muda tu, ni bati za aina gani. Akasema za Mjerumani. Ukizipiga nyundo, nyundo inaruka.

Za Mjerumani!

Nauli ya Amne imetosha mpaka hapa na chenji imebaki ya siku kadhaa. Sikumdanganya. Alipopiga simu kuuliza, nilimwambia nimeshapanda gari, na nilikuwa nimepanda.

Nimeliona ghala. Mabati sitini. Hapa nitakuwa mwangalifu. Korogwe kosa langu lilikuwa kusema sana kuhusu paa. Hapa sitagusa paa kabisa. Leo kwenye kikao nimesimulia sakafu tu. Nimesema babu yangu alikuwa mpagazi hapa, na siku moja robota la mkonge lilimponyoka, likapasua saruji pale, na mkuu wa shamba akavua kofia. Mwenyekiti wao, Mzee Moreto, mpole sana, aliandika yote. Kisha akauliza kama babu hakusema lolote kuhusu mabati. Nikajibana. Nikasema kidogo tu.

Harambee yao ni mwishoni mwa Oktoba. Safari hii nikiulizwa nachukua au narudisha, jibu ninalo, nimelifanyia mazoezi mtoni: nachukua, leteni gari.

Jioni nimempigia Amne kumweleza kwamba nimechelewa kidogo. Simu ilikatika nilipotaja sitini. Mtandao wa huku si mzuri.

Nimemwandikia ujumbe ili awe na tarehe kamili mkononi, amwonyeshe na Zaidi. Naingia Kondoa Jumanne, tarehe 5 Novemba, kabla ya mvua, na mabati juu ya lori. Nimehesabu kwa vidole mara mbili kuanzia leo. Ni siku arobaini tu.